Simu Iliyokwama Kwenye Nembo

Hakuna mteja anayemwambia fundi simu ukweli. Simu iliyotumbukia kwenye ndoo ya kufulia, utaambiwa ilijizima tu yenyewe. Simu iliyobamizwa ukutani mke na mume wakigombana, utaambiwa iliteleza mkononi. Dada Waya alishazoea. Watu hakuwahoji sana. Aliihoji simu, maana simu haina haya kama mwenye simu.

Kwa hiyo yule mwanamume alipoingia alasiri ile, akaiweka simu mezani na kusema, "Nilikuwa naiwekea toleo jipya tu, Fundi, ghafla ikakwama kwenye nembo," Dada Waya aliitikia kwa kichwa kama anavyowaitikia wote. Hata hakumtazama vizuri. Mawazo yake yote yalikuwa upande wa pili wa ukuta.

Ukuta wenyewe ulikuwa plaiwudi tupu. Upande wa pili alikaa fundi cherehani, mzee ambaye watu wote walimwita Baba Sindano, kwa jina la utani la binti yake, kitinda mimba, msichana mwembamba mwenye ulimi unaochoma. Tangu Dada Waya ahamie kwenye kichochoro kile cha mafundi, alikuwa akisikia cherehani ya mzee kutwa nzima, mpaka akawa haisikii tena. Tangu juzi ilikuwa kimya, na ukimya ule ndio aliousikia. Juzi jioni Sindano alitoka kumpelekea mteja sare za shule, mvua ikinyesha, asirudi. Simu yake haikupatikana. Mzee alikwenda polisi, akazunguka hospitali zote za mjini, akagonga hata kwa ndugu ambao walikuwa hawasalimiani. Leo alikuwa amekuja kukaa kibandani kwake tu, hashoni, anaukodolea macho mlango.

"Akirudi atapita hapa kwanza," alimwambia Dada Waya asubuhi. "Yule hawezi kupitisha siku bila kunikagua."

Kukaguliwa kwenyewe kulikuwa kwa ajili ya dawa. Mzee alikuwa na presha, na vidonge vyake alivikimbia kama mtoto. Sindano akarekodi mlio wa cherehani ya baba yake, akaufanya alamu kwenye simu yake, ilie kila siku saa kumi alasiri. Alamu ikilia, hata kama binti yuko kwa Dada Waya anapiga soga, mzee alipaza sauti kutoka upande wa pili: "Nimeshameza, mwanangu!" Uongo mtupu. Sindano alikwenda akamfungua kinywa, kisha akamtia mkono mfukoni mwa shati, na kidonge kikakutwa humo humo. Kichochoro kizima kilicheka. Jana saa kumi ilipofika hakuna kilicholia wala aliyecheka, na Dada Waya alitamani saa ya ukutani isimame.

"Nikuombe, Dada," alisema yule mwanamume. "Pazia hilo nilishushe? Jua linanichoma macho."

"Shusha tu, kaka."

Alishusha pazia la mlangoni, akaketi kwenye kigoda cha wateja. Chumba kilikuwa chembamba, kwa hiyo aliyeketi pale alikuwa ameketi katikati ya Dada Waya na mlango. Alikuwa mtu wa makamo, shati limepigwa pasi vizuri, viatu vina matope yaliyokauka. Alinuka pipi za mnanaa. Alitabasamu.

"Na simu yako nikuombe nipige mara moja tu. Ile yangu nyingine imeisha chaji."

Dada Waya alimpa. Fundi simu hamnyimi mteja simu, ni kama mwuza maji kumnyima mtu kikombe. Yule bwana alibonyeza, akasikiliza, akasema hapokei. Lakini simu hakuirudisha. Aliishika mkononi, akawa anaizungusha taratibu kwenye vidole.

Dada Waya akaanza kazi. Akabonyeza kitufe cha kuwashia. Nembo ikaja, ikazimika, ikaja tena. Ugonjwa wa kawaida. Simu ya namna hiyo mwili wake ni mzima, ila imesahau la kufanya ikishaamka. Dawa yake ni kuiflashi: unaiunganisha na kompyuta, unaingiza upya ile programu mama inayoiendesha, na inakumbuka.

"Umeipeleka kwa mtu mwingine kabla yangu?"

"Jana. Akaiwekea sijui faili gani, yakaja maandishi mekundu. Akasema imekufa."

"Simu haifi kirahisi hivyo."

"Hata mimi nilisema. Sasa sikiliza, Fundi." Alisogea mbele. "Mimi kilichomo ndani sikitaki. Futa kila kitu. Iwake tupu kama imetoka dukani."

Hapo ndipo Dada Waya alipoinua macho. Kwa miaka yote aliyokaa na bisibisi mkononi, wateja wamemsihi kitu kimoja: fanya unavyojua, fundi, ila picha zangu usinifutie. Wengine wamelia pale pale kwenye kigoda. Huyu alikuwa wa kwanza kuomba kusahau.

"Nitaangalia aina yake kwanza," alisema, akaingiza ukucha pembeni na kuubandua mfuniko wa nyuma.

Karibu na betri palikuwa na kitone cha rangi nyekundu ya kucha. Kitone chake mwenyewe. Kila simu aliyopata kuifungua aliitia kitone, ili mteja akija na maneno ya "uliiharibu wewe" wajue pa kuanzia. Peke yake kisingekuwa kitu, vitone vyake viko mji mzima. Lakini ubavuni mwa betri, pale betri ilipokuwa inalegea, palikuwa na kipande cha bitana ya zambarau kilichokunjwa mara tatu. Kipande kile alikikata Baba Sindano kwa mkasi wake, akakipitisha juu ya ukuta wa plaiwudi akisema, "Shika, mtaalamu, usije ukaniuzia betri mpya wakati kitambaa ninacho." Dada Waya mwenyewe ndiye aliyekikunja na kukichomeka, Sindano akiwa amemwegemea begani.

Damu ilimwisha usoni. Alijua imemwisha, akainama zaidi ili taa ya meza isimwonyeshe.

Simu ya Sindano ilikuwa mkononi mwake. Mahali pa laini palikuwa patupu. Na mtu aliyekuja nayo alikuwa ameketi mlangoni.

"Vipi?" aliuliza yule bwana.

"Naangalia namba ya toleo, kaka."

Nitasema wazi: Dada Waya hakuwa jasiri. Alikuwa mtu wa kuogopa radi, panya na wajumbe wa nyumba kumi. Alipokuwa mdogo, mama yake alisema huyu akikutana na simba atamwamkia. Mambo yaliyompitia kichwani pale hayakuwa ya kishujaa. La kwanza lilikuwa kurudisha mfuniko, kusema "imenishinda, kaka," na kumwacha aende. La pili lilikuwa kupiga kelele. Lakini akipiga kelele, mtu huyu yuko hatua moja tu na mlango, na kichochoro kinatokea sokoni. Kabla mzee wa watu hajainuka na magoti yake mabovu, mtu atakuwa ameshamezwa na umati. Na akishamezwa yeye, atakayejua Sindano yuko wapi ni nani? Huyu ndiye uzi pekee uliobaki. Ukikatika, basi.

Aligonga ukuta kwa mawazo, si kwa mkono. Mzee angejibu kwa sauti yote, "Unasemaje, mwanangu?" na mambo yangeharibika hapo hapo. Ujumbe asingeweza kutuma. Simu yake inazungushwa kwenye vidole vya mwenzake. Kompyuta ilipata mtandao kutoka kwenye simu hiyo hiyo.

Tena labda mtu huyu hana kosa. Labda ameinunua tu sokoni. Dada Waya aliling'ang'ania wazo hilo kwa sababu lilimpunguzia hofu.

"Umekaa nayo muda mrefu, kaka?"

"Ya mke wangu," alisema, haraka mno. Kisha akaongeza mwenyewe bila kuulizwa, kama waongo wote: "Jana alasiri ilianza kupiga kelele, ta-ta-ta-ta, kama mashine, nisijue pa kuizimia. Nikabonyeza vitufe vyote kwa pamoja. Ndipo ikakwama."

Mwanamume gani hajui mlio wa simu ya mke wake? Lakini fundi aliyekuwa ndani ya Dada Waya alishika neno moja: jana alasiri ililia. Alamu ilikuwepo bado. Mzee anaujua mlio ule kuliko jina lake. Ikiwaka kabla ya saa kumi, na kilichomo kikiwa hakijafutwa, simu itapiga kelele yenyewe, na yeye Dada Waya hatakuwa amesema neno. Ilikuwa mbinu ya mwoga, ndiyo. Lakini mwoga naye ana akili zake.

Akatazama kile kipande cha bitana. Kilikuwa kimekunjwa vile vile alivyokikunja. Basi fundi wa jana hakuitoa betri, na simu ambayo haijatolewa betri haijasahau saa. Alirudisha mfuniko polepole. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia kumi, lakini bado ilikuwa na nafasi.

Akavuta waya, akaunganisha. Kompyuta haikusema kitu.

"Kompyuta haiioni simu," alisema.

Isingeiona. Alikuwa amechukua kwa makusudi waya wa kuchajia tu, ambao ndani yake hauna njia ya kupitisha kitu kingine. Alitaka kupumua kidogo. Akahamisha tundu la kwanza, la pili. Akaizima kompyuta na kuiwasha tena, na kompyuta ile ilikuwa kikongwe, kuamka kwake kulihitaji subira. Dada Waya alifumba macho na kujaribu kukumbuka sura ya Sindano, akaikosa kabisa, akaogopa zaidi.

"Ya yule wa jana iliiona mara moja," alisema yule bwana. Sauti yake ilikuwa ile ile ya upole, na upole huo ndio uliomtisha. Simba mwenda pole ndiye mla nyama. "Jaribu ule waya mwingine. Ule pale kwenye msumari. Yeye alitumia mnene kama ule."

Hakukuwa na ujanja. Akauchukua ule mnene. Akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, simu ikaingia kwenye hali ya kupokea programu, na kompyuta ikalia kidogo kuonyesha imeiona.

Sasa kosa la fundi wa kwanza lilikuwa wazi. Alikuwa ameilisha faili la simu nyingine ya kampuni ile ile, zinazofanana kwa sura lakini si kwa tumbo, na simu ilikataa katikati. Faili lenyewe la haki Dada Waya alikuwa nalo. Alikuwa nayo mawili. La kwanza hufagia kila kitu, picha, majina, alamu, vyote. La pili hutengeneza kilichoharibika na kuviacha vitu vya mwenyewe mahali pake. Kwenye kioo yalikaa moja juu ya jingine, na majina yao yalitofautiana kwa neno moja tu. Mafundi wangapi wameshamfutia mtu maisha yake kwa kidole kilichoteleza mstari mmoja! Maji yakimwagika hayazoleki.

Yule bwana alisimama, akaja nyuma yake. Mnanaa ukamjaa puani. Akaweka mkono wake mezani, karibu na mkono wa Dada Waya, na kwenye kifundo palikuwa na michubuko mibichi.

"Hilo ndilo linalofuta?"

"Ndilo hilo," alisema Dada Waya, akabonyeza la pili.

"Mbona mikono inakutetemeka, Fundi?"

"Njaa, kaka. Leo sijala."

Mstari wa buluu ulianza kutambaa kwenye kioo. Ulifika robo, ukafika nusu. Dada Waya alijikuta anahesabu pumzi zake. Hapo yule bwana akaegemea meza ili aone vizuri, meza ikayumba, tundu la waya lililolegea likacheza, na mstari ukasimama. Yakaja maandishi mekundu.

Kwa Dada Waya hili halikuwa igizo. Simu inayokatwa katikati ya kazi inaweza kulala moja kwa moja, na hakuna fundi aliyezaliwa wa kuiamsha. Kama imekufa, basi ameiua yeye, na Sindano pamoja nayo. Alitaka kulia.

"Hayo ndiyo yale yale ya jana," alisema yule bwana. Akanyoosha mkono. "Basi. Nipe niende nayo. Nitaitupa tu."

"Usiiguse!"

Neno lilimtoka kwa sauti kubwa kuliko alivyotaka. Yule bwana alimkazia macho. Upande wa pili wa ukuta mzee alikohoa.

"Nani huyo?"

"Jirani," alisema Dada Waya. "Mshona nguo tu. Mzee wa watu, hana habari na sisi." Akajilazimisha kucheka. "Nisamehe, kaka. Ukiichomoa sasa haitawaka tena, wala haitafutika. Kilichomo kitabaki humo humo, na mwenye vifaa vikubwa akija kuichokonoa atakikuta. Haraka haraka haina baraka. Nipe nafasi nimalize, na wewe kaa, unanitikisia meza."

Hilo la kilichomo kubaki ndilo lililomkalisha. Alirudi kwenye kigoda, akafuta jasho usoni kwa kiganja. Dada Waya aliliona jasho lile, akaliogopa. Alidhani ni la hasira.

Akahamishia waya kwenye tundu la nyuma, lile lisilolegea, akaukandamiza kwa kitabu kizito. Akaizima simu na kuirudisha tena kwenye ile hali ya kupokea. Kwa muda kioo kilibaki cheusi, naye akajiona amekwisha. Kisha kikaja. Akachagua faili, akasoma jina lake herufi kwa herufi, akabonyeza, na safari hii hakutazama mstari. Alitazama saa ya ukutani.

Kompyuta ililia. Neno la kijani. Simu ikazimika, ikajiwasha, nembo ikatokea.

Nembo ikakaa. Ikafifia na kung'aa, ikafifia na kung'aa. Hapo ndipo ilipokuwa inakwama tangu mwanzo.

"Imekwama tena," alisema yule bwana.

"Inajipanga. Mara ya kwanza huchelewa."

Alisema hivyo bila kuamini. Aliomba, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kuomba mara kwa mara, aliomba vibaya, maneno ya msiba yakichanganyika na ya harusi. Nembo ikatoweka, na mahali pake ukaja mstari wa maandishi madogo: simu inaandaa programu, moja kati ya mia na zaidi.

Simu iliyofutwa haina programu mia. Ina chache ilizozaliwa nazo. Sindano, ambaye hakuona mchezo wala kamera ya kujipamba asiitie kwenye simu yake, alikuwa mzima mzima humo ndani. Machozi yalimjaa Dada Waya ghafla, akajisingizia kupiga chafya.

"Ni nini hizo namba?"

"Inasafisha, kaka. Inahesabu inavyotoa."

"Ahaa." Yule bwana alishusha mabega. "Asante, Fundi. Umenisaidia sana. Hujui tu."

Namba zilikimbia. Saa nayo ilikimbia. Dada Waya hakujua tena anataka ipi iwahi. Namba zikaisha, kioo kikawaka chote, na kabla mwenzake hajaona, akaigeuza simu kifudifudi juu ya mkeka wa kazi.

"Iache ipoe kidogo."

"Imewaka?"

"Imewaka. Iache ipoe."

"Nipe niione."

"Betri imepata joto, kaka, itakuunguza."

Yule bwana alikuwa ameshasimama. Aliichukua simu kutoka chini ya kiganja cha Dada Waya, bila nguvu, kama mtu anayechukua chake, akaigeuza. Kwenye kioo alikuwa Sindano, anacheka meno yote nje. Nyuma yake baba yake ameinamia cherehani, futi ya kitambaa shingoni, hana habari kama anapigwa picha.

Yule bwana aliitazama picha kwa muda mrefu. Kisha akamtazama Dada Waya, naye Dada Waya alishindwa kuuficha uso wake.

"Ulisema unafuta," alisema taratibu. "Unamjua huyu?"

Dada Waya aliliona pazia, aliuona mkono ukiikamata simu kwa nguvu, akaona kwamba hapa ndipo mwisho wake ulipo, kati ya droo za spea na picha ya kalenda ya zamani.

Simu ikalia mkononi mwa yule bwana.

Ta-ta-ta-ta-ta. Cherehani ya Baba Sindano, ile yenyewe, na kile kigugumizi chake cha kupanda pindo nene, ilijaa chumba kizima. Yule bwana aliibonyeza huku na huku. Ikaendelea kushona. Na upande wa pili wa ukuta, kabla mtu hajapata hata kuvuta pumzi, sauti ya mzee ilipasuka kwa furaha:

"Nimeshameza, mwanangu! Nimeshameza!"

Kigoda kilianguka kule. Kitu cha chuma kikaanguka. Miguu ikasikika ikija mbio kichochoroni, miguu ya mtu ambaye magoti yake hayajakimbia kwa miaka, na njia nzima alikuwa anasema, "Umerudi, mama yangu, umerudi, nilijua utarudi." Pazia likavutwa mpaka likakatika. Mzee alisimama mlangoni kiatu kimoja mguuni, mikono ameifungua yote miwili tayari kwa kukumbatia, akamkuta mwanamume asiyemjua ameshika simu ya binti yake.

Dada Waya alijiandaa kwa vurugu. Alishika koleo. Lakini yule bwana hakukimbia wala hakumsukuma mzee. Aliitazama ile mikono iliyofunguliwa, akaketi sakafuni kama mtoto.

"Nilimwacha hai, Baba," alisema. "Nilimwacha anapumua. Wallahi nilimwacha anapumua."

Maneno yalimtoka vipande vipande, na simu bado inalia. Alikuwa dereva wa gari la mizigo. Mvua ya juzi, barabara giza, msichana amejitwisha mfuko wa nguo, breki hazikushika. Alimpakia garini ampeleke hospitali, kisha woga ukamwingia njiani, akapita mji wote, akavuka daraja, akamlaza kwenye baraza ya zahanati ya kule mbali, akapiga honi na kuondoka. Sare zilizolowa alizitupa mtoni, na pochi pamoja nazo. Simu aliikuta chini ya kiti usiku ule ule, akaitoa laini na kuitupa. Simu yenyewe alitaka kuiuza, na jana alasiri ikaanza kushona.

"Niliogopa," alisema.

Mafundi wengine walikuwa wameshajaa mlangoni, na mmoja alikuwa na rungu. Dada Waya alimtazama yule mtu pale chini, jasho linamtiririka, akatambua kwamba katika chumba kile walikuwa wamekaa waoga wawili wakitishana. Hakumhurumia. Alikuja kumhurumia baadaye kidogo, na siku nyingine hakumhurumia kabisa.

Baba Sindano hakumpiga. Mikono yake ilikuwa bado imefunguliwa, kama ameisahau.

"Inuka," alisema. "Nipeleke."

Walikwenda na gari lile lile, mafundi watatu nyuma, mmoja ameketi ubavuni mwa dereva asije akabadili mawazo. Mzee aliipakata simu. Alamu ilikuwa imechoka na kunyamaza yenyewe. Zahanatini waliambiwa, ndiyo, alikutwa barazani, hakuwa na hata karatasi, na gari la wagonjwa lilimpeleka hospitali ya wilaya jirani. Walipofika huko, nesi aliwaongoza kwenye kitanda cha mwisho, chenye kibao kilichoandikwa "jina halijulikani", na Dada Waya aliziba macho kwanza, kwa kuwa mpaka dakika ile hakuwa na hakika atakachokiona. Sindano alikuwa amefungwa bendeji kichwa kizima na mguu umeninginizwa. Alikuwa anapumua. Hakuamka alipoitwa, wala aliposhikwa mkono. Daktari alisema wangoje, na hakusema wangoje nini.

Walingoja. Polisi walimchukua dereva. Usiku ukapita na asubuhi ikapita, na mzee hakunyanyuka kwenye kiti. Dada Waya alimletea nguo, akamletea na vidonge vyake, akamwekea mfukoni mwa shati kwa kuwa hakuona pengine. Simu waliichaji wakailaza juu ya mto.

Alasiri ikafika. Dada Waya alitaka kuizima ile alamu mapema, maana mzee asingeustahimili mlio ule; lakini vidole vilichelewa, na cherehani ikaanza kushona katikati ya wodi. Wagonjwa waligeuza shingo. Mzee aliinamisha kichwa, akauma mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu alamu ile itegwe hakujibu kitu.

Kitandani, midomo iliyopasuka ilicheza. Nesi alisimama. Macho hayakufunguka, ila sauti ilitoka, kavu, nyembamba, yenye ukali ule ule wa siku zote.

"Baba. Umemeza?"

Mzee alijipapasa mfuko wa shati. Alitaka kusema lile neno lake la kila siku, na kinywa kikakataa.

"Bado, mwanangu," alisema, akilia. "Bado. Njoo unikague."